Sura ya Nne: Kizingiti cha Nyumba Tupu

Jumatano asubuhi Hester Quarmby aliegesha gari mwanzo wa mtaa wa Tenter Croft, akazima injini, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa. Mvua ilikuwa ile ya mji wa Huddersfield, hainyeshi sawasawa wala haiachi. Ilikuwa siku ya gari la taka kumwaga mapipa, na kwa mpelelezi anayeijua kazi yake hakuna siku tamu kama hiyo. Watu hutoka nje na nguo za kulalia, hawajapata nafasi ya kujipanga.

Hester hakuwa mtu wa kujidogosha. Alikuwa ameacha upolisi akiwa sajini, akafungua ofisi juu ya duka la chipsi, na tangu hapo alikuwa akijisifu kwamba hakuna mlango mjini humo ambao hauwezi kumweleza jambo. Leo alikuwa na mlango mmoja wa kuusoma, na muda ulikuwa mfupi. Kesho adhuhuri mteja wake, Rowena Sugden, angetia saini mkataba wa kununua nyumba namba kumi na sita. Akishasaini, hakuna kurudi nyuma.

Rowena alikuja ofisini wiki iliyopita akiwa amekunja mkoba mapajani.

"Si nyumba ninayoiogopa," alisema. "Nyumba ni nzuri, ya chini, haina ngazi. Ni kwa ajili ya baba yangu. Kiharusi kilimpiga wakati wa baridi, sasa anatembea na kigari cha kushikilia, na maneno yanamtoka kwa shida. Mimi nikiwa kazini atashinda peke yake. Nataka kujua jirani yake ni nani. Namba kumi na nane ni nyumba ya shirika, ya kupangishwa kwa kodi nafuu. Dalali ndiye aliyeniambia, tena kwa ile sauti ya mtu anayekunong'oneza kwamba jikoni kuna panya."

"Na ukiiacha nyumba hii?"

"Hatuna nyingine. Atakwenda kwenye makao ya wazee. Yeye mwenyewe kashaniapia kwamba huko hatoki mzima."

"Mbona usiende ukabisha hodi, ukamwona huyo jirani?"

Rowena alimkodolea macho kana kwamba kaambiwa avue nguo barabarani. "Nibishe hodi? Kwa mtu nisiyemjua? Nitasema nini?"

Ofisi nzima ya Hester ilijengwa juu ya ugonjwa huo wa watu wa kwao. Wako radhi kumlipa mpelelezi kuliko kugonga mlango wa jirani. Hakuwacheka, maana ndio waliomlisha.

Sasa aliutazama mtaa. Mjenzi alikuwa amezichanganya nyumba kwa makusudi: matofali yale yale, mapaa yale yale, nyingine zimeuzwa, nyingine zimekabidhiwa shirika la nyumba lipangishe kwa kodi nafuu. Mpita njia asingejua ipi ni ipi. Hester alijua kabla chai haijapoa. Milango ya wenye nyumba ilikuwa na kila rangi, kila mtu na fahari yake. Milango ya shirika yote ilikuwa ya buluu iliyoiva, rangi ya kopo moja. Namba kumi na nane ilikuwa ya buluu. Dalali hakudanganya.

Mlango huo ulifunguka. Akatoka mwanamke mnene wa miaka sitini na ushei, aproni kiunoni, mvi kazibana vizuri. Akalivuta pipa lake tupu kutoka barabarani mpaka ubavuni mwa nyumba. Kisha akarudi, akalivuta na la namba ishirini, akaliweka mahali pake na kulifunika. Hakutazama kulia wala kushoto, akaingia ndani.

Haikuchukua muda dirisha la gari likagongwa. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la mvua lililofungwa mpaka kidevuni.

"Habari za asubuhi, mama. Umepotea njia?"

"Naangalia nyumba tu. Ile namba kumi na sita."

"Aa! Pole." Aliinama, akaegemea mlango, tayari kwa mazungumzo. "Mimi Desmond Hallam, naishi hapo ishirini. Nimenunua, eti. Nikushauri kama jirani mwema? Wala usijisumbue. Aliyekuwa akikaa hapo, Mzee Horace Beaumont, mzee wa watu, kakimbia."

"Kamkimbia nani?"

Hallam alisogeza kidevu upande wa mlango wa buluu. "Wale wa shirika. Walipomleta yule mama hapa, nilimwambia mke wangu, tumekwisha. Na haukupita mwaka, polisi hao! Magari mawili, taa za buluu mtaa mzima. Wakavunja mlango, mama. Mlango wa nyumba mpya!"

"Mlango upi?"

"Sasa wewe unadhani upi? Magari yalisimama mbele ya kumi na nane."

"Uliwaona wakiuvunja?"

"Nilikuwa kwenye kibanda changu, nyuma. Lakini niliusikia. Mtu asiye na masikio ndiye asingesikia."

"Kwa hiyo uliona magari, ukasikia mlango."

"Ni kitu kimoja," alisema Hallam, akanuna kidogo.

Hester alitazama nyuma yake. Mbele ya namba kumi na sita palikuwa na karavani nyeupe ndefu, imeziba njia tangu pembe hadi pembe, magurudumu yamezungukwa na majani.

"Na karavani hii ni ya nani?"

"Yangu. Kwangu haienei. Imekaa hapo tangu tuhamie, na haijamzuia mtu."

"Na pipa lako, nani karudisha?"

Hallam aligeuka, akaliona pipa limesimama mahali pake. Alifikiri. "Watu wa taka, nadhani. Wana adabu siku hizi."

Hester akafunga chupa yake ya chai, akatoka garini.

Dalali alikuwa akimngoja mlangoni pa namba kumi na sita, kijana mtanashati aitwaye Damian Pell, viatu vyake vimechongoka. Hester hakumpa mkono mara moja. Alikuwa ameinama, anatazama chini.

Kizingiti kilikuwa safi. Safi kupita mvua. Kilisuguliwa kwa brashi, na ukingo wake wa mbele ulipigwa kwa jiwe laini linaloacha rangi ya maziwa, mstari ulionyooka tangu pembe hii mpaka ile. Mama yake Hester alikuwa akiupiga mstari wa namna hiyo kila Ijumaa, amepiga magoti kwenye gunia. Hester hakuwa ameuona tangu mama alipofariki.

"Nani anasafisha hapa?" aliuliza.

"Ofisi yetu ina watu wa usafi, Bi Quarmby. Tunaitunza nyumba hii kama mboni ya jicho."

"Vizuri sana. Tuingie."

Alipita chumba hadi chumba. Kwenye dirisha la sebuleni palikuwa na nzi wakavu wamelala chali. Alipitisha kidole juu ya rafu ya jikoni, akamwonyesha Damian vumbi bila neno. Damian akakohoa.

"Watu wako wanasugua kizingiti halafu wanarudi zao nyumbani?"

"Labda... hawajafika wiki hii."

"Hawajafika mwaka huu." Alirudi kwenye mlango wa mbele, akaufungua na kuufunga. "Na mlango huu si wa kwanza."

"Nyumba ni mpya, mama. Kila kitu humu ni cha kwanza."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimevunja milango miaka ishirini, nikilipwa na serikali. Tazama fremu. Mbao hizi mbili zimebandikwa, na rangi yake ni changa kuliko ya pale juu. Mlango wenyewe bado unang'aa. Twende uani."

Ua ulikuwa mdogo, nyasi ndefu. Upande wa namba kumi na nane, ua wa mbao ulikuwa umefunikwa sehemu moja tu kwa pazia la matete, jipya, limekazwa kwa waya. Sehemu nyingine zote mbao zilikuwa wazi. Hester hakuomba ruhusa. Alifungua waya, akalivuta pazia upande mmoja.

Nyuma yake palikuwa na kilango. Kimekatwa kwa ustadi kwenye ua, bawaba tatu, na komeo la chuma lililotiwa mafuta. Komeo lilikuwa upande huu, upande wa namba kumi na sita.

"Na hiki nini?"

Masikio ya Damian yaliiva. "Mtoto wake Mzee Beaumont ndiye anayeuza. Anaishi kusini. Alituagiza tukifiche mpaka mauzo yaishe. Alisema hakuna mnunuzi atakayependa mlango unaofungukia kwa... unanielewa."

"Sikuelewi. Sema."

"Kwa watu wa shirika."

Hester alisimama pale, mikono mfukoni. Alijisikia ametimia, kama kila anapokuta kitu alichofichwa, na safari hii alifurahi kupita kawaida.

"Nikwambie ulichoficha?" alisema. "Mtu anayemwogopa jirani haukati ua wake akaweka kilango. Na hiki kimekatwa kutoka huku, nyumba ya mzee, komeo likawekwa huku, mkononi mwake mwenyewe. Alikitaka. Mlango uliovunjwa na polisi ulikuwa wake, si wa kumi na nane. Magari yalisimama kule kwa sababu hapa mbele pana karavani ya yule bwana. Na nyumba hii imekaa tupu, haina mtu wa kuipangusa vumbi ndani, lakini kizingiti kinasuguliwa na mtu asiye na ufunguo. Sasa niambie ni nani."

Damian alitazama kilango, akatazama viatu vyake. "Sikuwahi kuuliza," alisema.

"Hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana nina kazi."

Alizunguka kwa mlango wa mbele, akapiga hodi kwenye mlango wa buluu. Ulifunguliwa kabla hajashusha mkono.

"Umechelewa," alisema mwenye aproni. "Nilikuandalia kikombe tangu ulipofungua ile chupa yako. Chai ya chupa inanuka plastiki. Bernadette Lumb. Futa miguu."

Jikoni palinukia mkate wa tangawizi. Bernadette alikaa upande wa pili wa meza, mikono imefumbatwa, akamtazama Hester jinsi alivyokuwa akiwatazama watoto walioiba biskuti. Maana maisha yake yote ya kazi alikuwa mpishi mkuu wa shule.

"Polisi?"

"Zamani. Sasa najitegemea."

"Na umetumwa kuja kuona kama nachinja kuku sebuleni."

"Nimetumwa kujua jirani ni nani. Kwanza niambie juu ya polisi."

"Hallam kashakupa zake, ametia na chumvi." Bernadette hakukasirika. "Horace alianguka nyuma ya mlango wake. Nilisikia ukuta unagongwa, polepole, kwa fimbo. Nikazunguka, kumefungwa, mbele na nyuma. Nikapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, wakaja polisi, wakauvunja mlango. Walimkuta hai. Siku aliyorudi kutoka hospitali, mzee yule, mkono mmoja umefungwa, alitoa msumeno wake. Nikamwambia Horace, umeingia wazimu? Akasema, Bernadette, mlango ni ghali, ua ni rahisi."

"Na komeo likawa upande wake."

"Nilikataa liwe kwangu. Nilikataa na ufunguo. Watu wana midomo, mdogo wangu. Siku kijiko kimepotea, ungesikia, ni yule wa shirika. Nikamwambia, komeo liwe lako. Asubuhi ukiamka, lifungue. Nikilisikia, najua umeamka, naendelea na shughuli zangu. Nisipolisikia, najua la kufanya. Basi kila asubuhi, kabla ya chai yangu, kwaa! Ndiyo salamu yetu. Hatukuwa hata na haja ya kuonana."

"Akakimbia?"

"Horace akimbie?" Bernadette alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Asubuhi moja sikulisikia. Nilipiga simu, wakamwahi tena, lakini mwanawe akaja akamchukua. Yuko kwenye makao, huko kusini. Hakuniaga. Hawakumpa nafasi."

Hester akauliza, "Na kizingiti chake?"

Hapo ndipo Bernadette alipokunja uso. "Kina nini?"

"Nyumba ni tupu. Kwa nini unakisugua?"

"Nani kakwambia ni tupu? Ni ya Horace mpaka ipate mwenyewe mwingine. Mama yangu alipougua, jirani alimsugulia kizingiti mpaka alipotoka hospitali, ili mtu asipite akasema humo ndani mambo yamewashinda. Na mama akamsugulia jirani alipofiwa. Tulikuwa nyumba za kupanga za halmashauri, kipenzi, na ungeweza kula juu ya vile vizingiti. Nilipopewa ufunguo wa hapa, kitu cha kwanza nilichotoa kwenye sanduku ni lile jiwe. Lilikuwa la mama."

"Sisi tulikuwa Fern Bank, juu kilimani," alisema Hester. "Halmashauri vilevile. Mama alianza na chetu, akamalizia cha Bi Oldroyd, aliyekuwa kipofu."

Wakatazamana. Hester aliona fahari kwa mama yake, kwa mwanamke huyu, hata kwa lile jiwe, na hakuona sababu ya kuificha. Bernadette akamkatia kipande cha pili cha mkate, kinene kuliko cha kwanza.

"Sasa andika hivi kwenye taarifa yako," alisema. "Sina cha kuficha, lakini mimi si ng'ombe wa mnadani, sifunguliwi mdomo nikahesabiwa meno. Huyo mwenye kutaka kujua jirani yake ni nani, aje kwa mlango wa mbele, aniulize. Na mimi nina maswali yangu. Anadhani ni yeye tu anayepata jirani mpya?"

Alhamisi asubuhi gari la Rowena lilisimama nyuma ya karavani. Hester aliingia kiti cha mbele. Nyuma alikaa baba yake Rowena, Mzee Wilf Sugden, fundi wa viwanda vya sufi enzi zake, kofia magotini, macho dirishani. Mkono wake wa kushoto ulilala tu, wa kulia ulikuwa bado mkubwa kama koleo.

Hester aliwaeleza yote: mlango, kilango, komeo la asubuhi, kizingiti. Rowena alisikiliza akiuma mdomo. Mzee Wilf hakugeuka, na Rowena aliongea juu yake kama watu wanavyoongea juu ya mtoto aliyelala.

"Kwa hiyo ni kweli ni mpangaji wa shirika," alisema Rowena.

"Ni kweli. Ulichonilipa nikitafute, nimekipata. Yaliyobaki siyauzi. Kamwulize mwenyewe."

"Siwezi, Hester. Nimemtumia mpelelezi. Nitamtazamaje?"

"Taja jina lako. Mengine yatakuja." Hester aliangalia saa. "Una asubuhi hii tu. Ukiogopa mlango huu, baba yako ataingia ule wa makao ya wazee."

Lilikuwa neno kali, na Hester alilitaka liwe kali. Rowena akashuka, Hester nyuma yake. Damian Pell, aliyekuwa amefika na funguo, akamsaidia Mzee Wilf na kigari chake kuingia namba kumi na sita. Dirishani kwa Hallam pazia lilitikisika.

Rowena aliinua mkono mbele ya mlango wa buluu, akaushusha, akauinua tena. Akagonga.

"Mimi ni Rowena Sugden," alisema haraka, kabla mlango haujafunguka wote. "Ndimi niliyemtuma huyu. Naomba radhi. Nilipaswa kuja mwenyewe."

"Ulipaswa," alisema Bernadette. "Futa miguu."

Jikoni, vikombe vitatu vilikuwa vimeshapangwa. Bernadette hakumimina chai. Alianza kuuliza.

"Unapiga muziki?"

"Hapana. Redio tu, kwa ajili ya baba."

"Una mbwa?"

"Hapana."

"Karavani?"

"Hapana!"

"Mungu akubariki. Baba yako anakula nini?"

"Anachagua sana. Supu. Mkate akiuchovya."

"Na wewe, ukiwa kazini, simu unapokea, au ni wale wa kuacha ujumbe baada ya mlio?"

"Napokea," alisema Rowena, na machozi yakamlengalenga. "Naipokea kila ikilia, nikidhani ndiyo habari yenyewe. Bi Lumb, sikuja kukutafutia kazi. Wewe si mlezi wake. Ninachoogopa ni kwamba ataanguka, na hatasikika."

Bernadette alisogeza sahani ya mkate wa tangawizi kuelekea kwake, lakini bado hakumimina.

"Sikiliza, mwanangu. Simwogeshi mtu, simlishi mtu, siombi mtu ufunguo. Ninachoweza ni kusikia. Lakini komeo liko kwenu, na siyo la kwako wewe, ni la kwake. Siwezi kuwa jirani wa mtu kwa kupangiwa na binti yake. Ikiwa yeye hataki kuwa na mwanamke upande wa pili wa ua anayesikiliza kama kaamka, hiyo ni haki yake, na mimi..."

Kwaa!

Sauti ya chuma ilitoka uani, nzito, safi. Bernadette aligeukia dirisha, mdomo bado wazi kwa neno lililobaki.

Nje, kilango kilifunguka nusu, kikagota kwenye nyasi. Kigari kikatangulia, kisha kofia, kisha Mzee Wilf mwenyewe, pazia la matete limemning'inia begani, na nyuma yake Damian amenyoosha mikono asijue amshike wapi. Mzee alisimama penye kilango, hakuvuka. Aliinua ule mkono mkubwa, akaugonga ubao mara mbili kwa kiungo cha kidole.

"Ho... di," alisema, na alilimaliza neno.

Rowena alifunika mdomo kwa viganja. Bernadette Lumb alifuta macho kwa ncha ya aproni, bila haya, akanyoosha mkono kabatini kuchukua kikombe cha nne.

"Haya," alisema. "Kaamka. Sasa naweza kunywa chai."